Gari jeusi, kila nikiliosha mistari inazidi. Nakosea wapi?

Wakuu, habari zenu. Gari langu jeusi naliosha mwenyewe kila wiki: ndoo moja, sabuni ya unga na fulana kuukuu. Kivulini linang'aa. Likipigwa jua tu, boneti nzima ni mistari ya duaraduara kama utando wa buibui. Halafu kuna doa la kinyesi cha ndege, nimelisugua hadi bega likauma, wapi! Nipake nta gani nifunike aibu hii?

Ndoombili
Nta baadaye, mkuu. Mchawi wako ni hiyo fulana. Mchanga unanasa kwenye nyuzi, nawe unauburuza bodi nzima. Mwagia maji mengi kwanza, mchanga ushuke kabla hujagusa kitu. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa cha maikrofaiba kabla hujakirudisha kwenye sabuni. Anza paani, shuka. Rimu zipe kitambaa chao.

Fundi_Rangi
Na sabuni ya unga waachie nguo, inaondoa nta. Tumia shampuu ya gari. Hiyo mistari ipitishie ukucha taratibu. Ukikwama, mkwaruzo ni mzito, mwone mpiga rangi. Usipokwama, polishi inautoa. Ila polishi inafanya kazi kwa kulikwangua tabaka la klia, yaani ile vanishi angavu inayofunika rangi, nalo ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ukipiga kila mwezi utalimaliza.

Mwenye uzi
Ukucha unateleza. Na doa?

Fundi_Rangi
Hicho kinyesi kina asidi, na jua linaongeza kasi, klia inaliwa. Ndiyo maana kusugua hakusaidii. Jaribu polishi, huenda likafifia. Siku nyingine kilowanishe kwa kitambaa chenye maji, subiri kilainike, kiinue bila kusugua.

Ndoombili
Baada ya polishi ndiyo nta, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Mimi niliwahi kuipaka juani nikidhani itakauka haraka. Ilikauka kweli, nikashinda mchana kutwa nikiibandua! Paka nyembamba. Siku maji yakiacha kujikusanya vitone juu ya boneti, ujue imeisha.

Mwenye uzi
Asanteni. Fulana imeshaenda kudekia. Kitambaa kikiniponyoka chini, nikikung'ute niendelee?

Ndoombili
Thubutu! Kikigusa ardhi, hakirudi kwenye gari mpaka kifuliwe. Kaa na cha akiba.