Miezi minne nabadilishiwa vipuri, kumbe waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri! Mafundi, hiyo mita mnaiweka ya nini?

Wakuu, nina hasira, mniwie radhi nikiteleza ulimi.

Nina gari ya spoti ya milango miwili, betri iko nyuma kwenye buti. Miezi minne iliyopita ilianza mchezo. Natoka nayo vizuri, nikikanyaga mafuta kwelikweli gia ya tatu, taa zote za dashibodi zinawaka, mishale inadondoka, gari inabaki kutambaa. Nazima, nawasha, imepona. Inaweza kukaa siku tatu isirudie, halafu irudie wakati unaovateki lori. Siku hiyo mikono ilinitetemeka mpaka nikapaki pembeni.

Gereji wakachomeka mashine, zikatoka kodi tatu, yaani namba za hitilafu: P0562, U0121 na P2138. Hapa ndipo ninapotaka kulia. Ya kwanza inasema umeme wa gari umeshuka. Ya pili, kompyuta ya ABS, ile ya breki, haisikiki. Ya tatu, sensa mbili za pedeli ya mafuta zinatoa majibu yasiyolingana. Ukizisoma pamoja unaona umeme unapotea mahali, na kila kifaa kinalalamika kivyake. Wao wakachagua ile yenye kipuri cha kuuza. Pedeli mpya. Wiki moja baadaye, throto bodi mpya, ile inayopitisha hewa ya injini. Safari ya tatu naambiwa kontrol boksi, kompyuta ya injini, imekufa!

Na kila nikiipeleka, haifanyi. Inaunguruma pale saa nzima kwa adabu zote, fundi ananitazama kama mimi ndiye mwenye kodi.

Nikanunua maltimita, mita ya kupimia umeme. Ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye taminali hasi ya betri, ndugu yangu akapiga stata. Volti 0.9. Hapo panatakiwa pasizidi 0.2 hivi, ikizidi ujue umeme unakwama njiani. Nikahamisha ncha: kutoka bodi ya gari hadi betri, safi. Kutoka injini hadi bodi, ugonjwa wote upo hapo. Waya wa athi wa injini, umevikwa plastiki nyeusi, kwa macho mzima kabisa. Nikauminya kwa vidole karibu na taminali, ukanywea kama mrija. Kuchana plastiki, unga wa kijani, na nyuzi tano sita tu ndizo zilizokuwa bado zimeshika.

Ndiyo maana pale gereji ilikuwa inajifanya nzima. Gari ikiunguruma imesimama, injini haisogei. Ukikanyaga mafuta, injini inajipinda kwenye maunti zake, yaani vishikizo vyake, inauvuta waya, nyuzi zinaachana, na umeme wa altaneta unakosa njia ya kurudi. Gari ya spoti ndiyo inayokanyagwa, kwa hiyo shida inatokea barabarani tu. Hivi kweli hakuna hata mmoja aliyewaza kuutikisa huo waya kwa mkono huku anaangalia mita?

Na msije hapa kuniambia "tuliupima, mita ikalia". Najua ililia. Mita ikiwekwa kwenye mlio inapitisha umeme kiduchu sana, uzi mmoja unatosha kuiliza. Waya kama huo unapimwa ukiwa na mzigo, stata inazunguka, au taa na feni zimewashwa zote. Hilo nimelijua mimi nisiye fundi, kwa jioni moja.

Nimefunga waya mpya, nikapiga msasa pale unapokaa mpaka chuma king'ae. Wiki ya tano hii, haijakatika hata mara moja. Juzi nikaleta ubishi: nikarudisha pedeli yangu ya zamani na throto bodi ya zamani, zilikuwa bado kwenye maboksi. Gari inakwenda vilevile.

Vile vipya vyao nikawapelekea wanirudishie pesa. Jibu: "Vipuri vya umeme havirudishwi." Nikauliza, na ufundi je, nao haurudishwi? Wakacheka.

Aliyewahi kudai pesa ya namna hii akafanikiwa, aniambie alianzia wapi.