Naomba ushauri: bustani ya mvua inatuamisha maji, nikwangue juu au nifumue yote?

Wakuu, habari. Kuna bustani ya mvua (bonde dogo lenye mimea, linalopokea maji ya mvua na kuyachuja kwenye udongo) ya mita za mraba 28 katikati ya mji, inapokea maji yanayotiririka kutoka kwenye lami ya mita za mraba 400. Kina cha kutuamia maji ni sentimita 15. Udongo una unene wa sentimita 60: mchanga mkubwa sehemu 3, udongo wa juu 1, mboji 1. Chini kuna kitambaa cha kuchujia, kisha kokoto na bomba lenye matundu.

Mwanzoni maji yalishuka milimita 25 kwa saa, yakaisha ndani ya saa 6. Sasa ni milimita 6 tu, yanalala siku nzima na zaidi, na mimea inaoza shingo. Penye mwanya wa ukingo wa barabara, maji yanapoingilia, kuna utando wa tope jeusi, laini. Jua likiwaka unapasuka na kujikunja kama magamba.

Kama tatizo ni utando huo, kukwangua sentimita 5 na kujenga kishimo cha kunasa tope kunatosha. Ila nakihofia zaidi kitambaa; kikiziba, kukwangua juu ni kazi bure. Nafikiria kuchimba shimo moja maji yakiwa bado yametuama pembeni: udongo wa chini ukiwa mkavu, kosa liko juu, ukiwa umelowa chepechepe, ni kitambaa.

Je, kipimo hiki kinaaminika? Na aliyewahi kuondoa kitambaa akaweka tabaka la kokoto ndogo, alitumia saizi gani ili mchanga usishuke kwenye bomba?