MREJESHO: Marumaru za poseleni, nyumba ya Buhongwa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama poseleni za sm 60 kwa 60 zibandikwe kwa saruji tupu, alivyotaka fundi, au kwa gundi ya vigae ya mfuko.

Sebuleni tulitumia gundi. Mkuu uliyenieleza kwamba poseleni hainywi maji, haifiki hata asilimia 0.5, kwa hiyo saruji haina pa kushika, ubarikiwe. Fundi alipaka kwa mwiko wa meno, sakafuni na mgongoni mwa kigae. Tulibandua kimoja kingali kibichi tukakuta mgongo umejaa wote. Sasa ukigonga kwa sarafu mlio ni mzito kila kona.

Ukuta wa jikoni ndio umetuangusha. Gundi iliisha, fundi akamalizia safu ya juu kwa saruji nikiwa kazini. Vigae kadhaa vinalia debe, na cha karibu na soketi kimeshadondoka. Vinarudiwa wiki hii. Afadhali nilizidisha maboksi asilimia 10 kama mlivyoshauri, maana mzigo mpya uliopo dukani unaelekea unjano.

Bafuni nilichukua zenye uso wa kukwaruza. Kuzisugua ni shughuli, ila mama anatembea na miguu iliyolowa bila kushika ukuta.

Aliyeuliza kuhusu spesa, vile vipande vya kuachanisha vigae: ni za milimita 3, na grauti ya kujazia mianya ni ya kijivu. Nyeupe, kwa vumbi la huku kwetu? Thubutu!