Programu ya kukuza kioo cha kompyuta: Magnifier ya bure, ZoomText au SuperNova?

Mhasibu_Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Nimetafuta uzi wa maana kuhusu jambo hili nimekosa, naomba tuujenge huu.

Mimi ni mhasibu, nina ualbino. Hata nikivaa miwani, jicho langu zuri linaishia 6/60 (yaani ninachokiona kwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona kwa mita 60), na macho yanachezacheza kama kawaida yetu. Kutwa nzima ni Excel na mifumo inayofunguka kwenye kivinjari. Mpaka sasa nasogeza pua kwenye kioo, na shingo imeanza kudai haki zake. Bosi ameniambia nilete proforma aingize kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai.

Majina niliyoyaona ni Magnifier iliyomo ndani ya Windows, ZoomText ya Marekani na SuperNova ya Uingereza. Ya kwanza bure, hizo nyingine zinakwenda kwenye mamia ya dola au pauni. Tofauti hiyo ya bei inaonekana kazini, au tunalipia jina? Kompyuta yangu ni ya inchi 14, RAM 8, Windows 11. Ofisi iko Mtumba, dirisha linatazama magharibi, na jua la Dodoma mnalijua.

Watakaosema "nenda hospitali": nimeshakwenda, miwani ndiyo hiyohiyo.

Fundi_Majengo

Dada, usimpe mtu hata senti kabla hujaitumia ya Windows ikakushinda. Wengi wanaoniambia "haifai" hawajawahi kufungua mipangilio yake.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, inawaka. Windows na Esc, inazima. Inakuza hadi asilimia 1600, yaani mara 16. Kinachokera watu ni kwamba mwanzoni inaruka kutoka 100 hadi 200 kwa pigo moja, kizunguzungu kinakupata. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe hatua iwe asilimia 25. Hapohapo uchague ifuate kishale cha kipanya, kibodi na mahali unapoandika.

Ina namna tatu. Kioo kizima: Ctrl, Alt na F. Lenzi inayotembea na kishale: Ctrl, Alt na L. Ukanda uliotulia juu ya kioo: Ctrl, Alt na D. Kwa Excel watu wengi hupenda ule ukanda, maana unaiona jedwali yote chini na seli moja imekuzwa juu. Kugeuza rangi ni Ctrl, Alt na I, nyeupe inakuwa nyeusi. Kwa mtu anayeumizwa na mwanga hiyo peke yake ni nusu ya kazi.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Mbukwenyi wote. Naomba niwapunguze kasi kidogo.

Mnaanza na programu, mimi ningeanza na jicho. Uoni hafifu si ugonjwa mmoja. Huyu binti haoni vitu vidogo, lakini upana wa macho yake upo. Mimi nina presha ya macho, pembeni kumeshakufa, nachungulia kwenye tundu. Niliwekewa ukuzaji wa mara nne na kijana mwenye nia njema kabisa, nikawa naona silabi moja ya "halmashauri" na kuitafuta iliyobaki kama mbuzi aliyepotea Mlali. Kwa macho kama yangu, kukuza sana ni kujinyima. Maandishi ya wastani, weusi na weupe unaokolea, kishale kikubwa, na mengine asome mashine.

Wenye tatizo la katikati ya jicho ni kinyume chetu, ukuzaji huwafaa kwa sababu pembeni bado kuna uhai. Mtu mwenye mtoto wa jicho au kovu kwenye kioo cha jicho mara nyingi anasumbuliwa na mng'ao kuliko udogo wa herufi. Sasa hao wote ukiwapa jina la programu moja, umewasaidia nini?

Mhasibu_Ilazo

Shikamoo mwalimu. Hapo umenigusa, maana hospitali hakuna aliyenieleza hivyo. Upana ninao, sijambo. Shida ni udogo na mwanga.

Fundi, lenzi imenishinda: macho yanacheza, lenzi nayo inacheza. Ukanda wa juu umekubali vizuri sana kwa Excel. Kwenye kivinjari bado napotea.

Nzuguni_Kwetu

Natumia ZoomText kazini, ililetwa na mradi, kwa hiyo sina uchungu wa bei. Niseme faida zake kwa haki.

Moja ni herufi. Ukikuza mara sita au nane, maandishi yanabaki na kingo safi. Magnifier ina sehemu ya kulainisha kingo, nayo inasaidia, ila kwenye ukuzaji mkubwa tofauti inaonekana. SuperNova nayo ina teknolojia yake ya herufi. Pili ni rangi. Ukigeuza rangi kwa Magnifier, picha nazo zinageuka na watu wanakuwa mizimu. ZoomText inaweza kugeuza maandishi na kuziacha picha zilivyo, au ukatia rangi ya kupunguza mwanga tu. Tatu, kishale: unakizungushia duara au msalaba unaokatiza kioo kizima, hukipotezi hata ukitaka. Nne, vioo viwili, kimoja kimekuzwa na kingine kawaida.

Kuhusu "mara 60" za ZoomText na "mara 64" za SuperNova, hizo ni namba za kwenye boksi. Sijaona mtu anayefanya kazi ya siku nzima juu ya mara 10. Ukifika huko, kisoma skrini, yaani programu inayokusomea kioo kwa sauti, kinakufaa zaidi.

Bei: toleo la kukuza tu ndilo la chini, lenye sauti linapanda, na Fusion, ambayo ni ZoomText pamoja na kisoma skrini cha JAWS, ndiyo ya juu kabisa. SuperNova nayo imegawanywa hivyohivyo kwa ngazi. Muulize muuzaji swali moja tu: toleo jipya likitoka nalipa tena? Maana leseni ya kudumu kwa kawaida ni ya toleo ulilonunua.

KijanaWaSabasaba

Mbona mnajisumbua, ZoomText ya kuchakachua ipo, nicheki inbox.

Fundi_Majengo

Kijana, hiyo ni kompyuta ya ofisi yenye mifumo ya malipo. Programu ya kukuza inaona kila kinachopita kwenye kioo, nywila na salio vyote. Halafu umwekee iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua? Pita hivi.

SuperNova wanatoa siku 30 za kujaribu bure, na ZoomText nao wana toleo la majaribio. Hakuna sababu ya wizi.

Bahi_Road

Jamani, mimi nadhani hesabu rahisi imerukwa hapa.

Ukikuza kioo mara mbili, unaona robo ya kioo. Mara tatu, sehemu moja kati ya tisa. Mara nne, moja ya kumi na sita. Programu iwe ya bure au ya milioni, hesabu hiyo haibadiliki, kwa sababu kioo ni kilekile. Ndiyo maana dada anapotea kwenye kivinjari: kitufe cha "Hifadhi" kiko kulia kabisa, nje ya kipande anachokiona.

Sasa chukua monita ya inchi 24 badala ya kioo cha inchi 14. Kila kitu kinakuwa kikubwa mara 1.7 na hujapoteza hata nukta moja. Iweke kwenye mkono wa chuma unaovutika, uilete sentimita 30 kutoka usoni badala ya 60, umepata mara mbili nyingine. Zidisha: karibu mara tatu na nusu, na bado unaona kioo kizima. Shingo haiinami kwa sababu kioo ndicho kinachokufuata. Programu ikija juu ya hapo, itakuza mara moja na nusu au mbili tu, siyo nne.

Halafu tofautisheni kukuza kioo na kuongeza ukubwa wa herufi zenyewe. Kwenye kivinjari, Ctrl na alama ya kujumlisha kwanza. Chrome inafika asilimia 500, na tovuti iliyotengenezwa vizuri inajipanga upya, mistari inakunjika, huhitaji kuteleza kushoto na kulia. Kwenye Windows kuna ukubwa wa maandishi hadi asilimia 225. Vyote hivyo vikishindwa ndipo kikuzaji.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Bahi Road kasema. Ila sentimita 30 ni kwa macho ya vijana. Sisi wazee tutahitaji miwani ya kusomea iliyopimwa kwa umbali huo, vinginevyo kioo kikubwa kinakuwa ukungu mkubwa.

Nzuguni_Kwetu

Bahi Road, hesabu sikatai, lakini mfumo wenye mpangilio uliofungwa haujipangi upya kwa Ctrl na kujumlisha, unavunjika vipande. Na Excel yenyewe inaishia asilimia 400, tena menyu na mstari wa fomula havikui pamoja na jedwali. Tena angalia: ukigandisha (Freeze Panes) mistari ya vichwa huku umekuza, hivyo vichwa vinakula kioo chote, data inabaki na mstari mmoja. Kazi halisi ina kona nyingi. Hapo ndipo programu ya kulipia inapumzisha.

Bahi_Road

Kweli kuhusu vichwa. Gandisha mstari mmoja tu, na ufupishe majina ya safu. Mstari wa fomula unakua ukipandisha ukubwa wa herufi za msingi kwenye Options za Excel, kisha uifunge na kuifungua upya, ujaribu. Lakini nakubaliana nawe, mtu wa mara tano kwenda juu, saa nane kwa siku, alipiwe.

Mama_wa_Manyoni

Samahani kuingilia uzi. Mwanangu yuko kidato cha pili, naye ana ualbino. Kompyuta hatuna, simu ya Android ipo. Hizo programu zina za simu?

Fundi_Majengo

Mama, karibu. Huhitaji kununua chochote. Fungua mipangilio, sehemu ya ufikivu, washa Ukuzaji. Unagonga kioo mara tatu kinakua, unateleza kwa vidole viwili. Kuanzia Android 12 unaweza kuchagua kukuza kipande tu. Ongeza na ukubwa wa maandishi, na mandhari nyeusi. Kwa ubaoni, kamera ya simu: piga picha, kuza, nakili.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Mama, Fundi kasahau kwamba shule nyingi simu haziruhusiwi. Nenda kaongee na mkuu wa shule mapema, na uhakikishe shule inamsajili kwa mtihani kama mwenye uoni hafifu, kwa sababu Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wa aina hiyo. Hili lisingoje kidato cha nne. Kiti cha mbele, mbali na dirisha, ni cha leo.

Mama_wa_Manyoni

Asante sana mwalimu. Asante Fundi.

UDOM_Linux

Kwa asiye na Windows: GNOME kwenye Linux ina kikuzaji chake, kitufe cha Super, Alt na 8. Mac ni Option, Command na 8. Bure zote.

Kuhusu kusomewa, ambako naona mnapita haraka: kisoma skrini cha NVDA ni bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006, unaiweka hata kwenye flashi, na sauti yake ya eSpeak inajua Kiswahili. Sauti ni ya roboti, ila haihitaji bando. Mkiwa na intaneti, kivinjari cha Edge kinasoma ukurasa kwa Ctrl, Shift na U, na kina sauti za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi. Ripoti ndefu mwachie Rehema, macho yabaki na namba.

Mhasibu_Ilazo

Nimewasoma wote. Nimeazima monita ya inchi 24 kwa jirani wa ofisi, nikaiegemeza kwenye vitabu vya stoo ili niisogelee. Na Magnifier nimebaki kwenye asilimia 150, rangi zimegeuzwa. Kwenye kivinjari ile "Hifadhi" naiona bila kuitafuta. Nitajaribu SuperNova siku zake 30 wakati wa kufunga mahesabu, maana huo ndio msimu wenyewe. Ikinibeba kuliko hii ya bure, nitaiombea mwaka unaofuata. Mwaka huu naomba monita na mkono wake.

Bahi_Road

Safi. Usiiweke monita mgongo wake ukielekea dirisha, wala uso wake ukitazama dirisha. Dirisha liwe ubavuni kwako, na pazia zito alasiri.

Nzuguni_Kwetu

Na kwenye dokezo sabili usiandike "monita ya ziada", ugavi watalikata bila kusoma mstari wa pili. Andika "kifaa saidizi kwa mtumishi mwenye uoni hafifu", utaje na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mkono wa chuma uuweke kwenye mstari huohuo, usiutenganishe, la sivyo utaletewa monita bila mkono.