Golf kutoka Uingereza: dashibodi inasema bado maili 11,200, fundi anasema kilometa 3,000. Nimsikilize nani?

MamaWawili_Moshi

Wakuu, habari za jioni. Nina Golf ya 2011 (Volkswagen, yaani VW), injini ya petroli 1.4 TSI, imetoka Uingereza na imefika Moshi mwezi wa saba. Ni gari yangu ya kwanza kununua kwa hela yangu, kwa hiyo nikiuliza ya kitoto mnivumilie.

Nikiwasha, dashibodi inaniambia sevisi bado maili 11,200 au siku 430. Hizo ni kilometa elfu 18! Kitabu cha sevisi kilichokuja nayo kina muhuri mmoja kwenye maili 17,900 na mwingine kwenye 35,400. Yaani huko ilikotoka waliitembeza kilometa elfu 28 bila kumwaga oili. Fundi wangu wa Majengo alipoona hivyo alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Yeye kwake ni kilometa 3,000, basi. Shemeji yangu wa Arusha anasema 10,000.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: namba inashuka haraka kuliko ninavyotembea. Siku ya kwanza ilisoma maili 13,500 na siku 520, nina picha kwenye simu. Tangu hapo nimetembea maili 950 tu, lakini imekata 2,300. Mita ni mbovu? Au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Matumizi yangu: Soweto ya hapa Moshi hadi kazini kilometa 4, asubuhi na jioni. Jumamosi napanda Marangu kwa mama mkwe, na kile kipande cha mwisho ni vumbi tupu. Oili iliyomo siijui. Mwezi uliopita fundi aliongeza nusu lita kutoka kopo lililokuwa limeshafunguliwa.

Spana13_UngaLtd

Dada, mita yako nzima kabisa. Gari iliyowekwa sevisi ya kilometa maalumu, yaani umbali uliopangwa usiobadilika, ikitembea maili moja inakata maili moja. Yako inakata 2,300 kwa 950, maana yake iko kwenye sevisi inayobadilika, ile ambayo kompyuta inaipanga kulingana na unavyoendesha, na kwa lugha yake inakuambia safari zako haizipendi.

Uhakikishe mwenyewe: fungua buti, inua zulia, kule kwenye shimo la tairi la akiba kuna stika yenye vimaandishi vingi. Tafuta herufi QI. Ikiwa QI6, ilitoka kiwandani na sevisi inayobadilika, hadi kilometa 30,000 au miaka miwili. QI ya namba nyingine ndogo ni ya kilometa maalumu.

Sasa elewa kompyuta inavyofanya kazi. Haionji oili. Inapiga hesabu kwa joto la injini, umbali, siku zilizopita na mafuta yaliyoungua, halafu inakisia. Kilometa 4 hazitoshi kuipasha oili. Mshale wa joto la maji unafika 90 unadhani injini imepata moto, kumbe oili bado iko nyuma. Petroli kidogo na unyevu vinashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na havipati joto la kuvitoa. Fanya hivyo asubuhi na jioni, miezi sita. Kompyuta imeliona hilo, ndiyo maana inakata.

Isichokiona ni kopo. Hesabu yake yote imejengwa juu ya oili yenye kibali cha VW 504 00 kwa petroli, au 507 00 kwa dizeli. Kibali hicho kimeandikwa nyuma ya kopo kwa maandishi madogo. Ile 5W-30 kubwa ya mbele ni uzito tu, haikuambii chochote kuhusu kibali. Fundi wako alipomimina ile nusu lita isiyojulikana, hesabu ilikufa palepale, ila dashibodi haina habari.

Niliwahi kuletewa gari ya mteja, siitaji aina, dashibodi ikisoma bado kilometa 5,000. Nilipofungua kifuniko cha filta, karatasi ilikuwa imekunjamana kama gazeti lililofungiwa samaki, na chini yake tope jeusi la kuchota kwa bisibisi. Gereji ya mwisho ilimwaga oili ya kawaida, kisha wakarudisha namba ya sevisi mwanzo kwa mashine, kwenye inayobadilika. Mwenye gari alikuwa mtu makini, alifuata alichoambiwa. Sikuwa na cha kumlaumu.

Ushauri wangu: hamia kilometa maalumu. Kiwanda kinaruhusu 15,000 au mwaka mmoja, lakini kwa safari zako fanya 7,500 au miezi sita, kinachotangulia. Kwa petroli ya kilometa maalumu hata 502 00 inakubalika. Hiyo injini inakunywa kama lita 3.6, kwa hiyo kopo la lita 5 linabakiza ya kuongezea. Bakizo liweke kwenye buti, usikubali tena kopo la mtu.

Fundi wako simkatai sana. Hiyo 3,000 ameizoea kwa oili za bei rahisi kwenye Noah na daladala, na kwa hizo yuko sawa. Kwa oili ya bei hii atakuwa anamwaga hela yako kwenye ndoo.

Dizeli_ArushaDar

Mkuu Spana, mimi napinga. Passat ya dizeli, 507 00 tangu siku ya kwanza, Arusha–Dar karibu kila wiki. Nimeenda hadi 26,000 kwa sevisi inayobadilika na injini inanguruma kama paka. Kwa nini tuogope kitu ambacho Wajerumani wamekipima?

Spana13_UngaLtd

Kaka, wewe injini yako inapoa saa ngapi? Zaidi ya kilometa 600 mfululizo, oili inapata moto mpaka inasafishika. Wewe ndiye dereva waliyemfikiria.

Nakubishia kwenye mafuta tu. Ulaya dizeli ina salfa isiyozidi 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni). Kwetu Afrika Mashariki kiwango kilichowekwa 2015 ni 50. Salfa ikiungua inaleta asidi, na hizo oili za 507 00 zina majivu machache ili kuilinda filta ya moshi, kwa hiyo akiba yao ya kuua asidi si kubwa. Hiyo 26,000 ni yako, mimi ningesimama 15,000.

Dizeli_ArushaDar

Nitashuka hadi 20,000, chini ya hapo sishuki. 😄

mzee_wa_IST

Mimi kila 5,000, sina stika kwenye buti wala asidi. Naendelea kula ndizi zangu.

MamaWawili_Moshi

Narudi na mrejesho. Stika nimeiona, QI6. Jumamosi tumemwaga. Fundi alinipa kijiti cha oili ninuse, petroli waziwazi, na hapo akaacha kucheka. Filta ya hewa tulipoigonga chini ilitoa vumbi jekundu la Marangu, na ile ya hewa ya ndani wanamokaa abiria ilikuwa imejaa maua makavu ya jakaranda, yale ya barabarani kwetu. Zote mpya sasa.

Kurudisha namba ya sevisi mwanzo hatukuhitaji mashine. Kitabu cha gari kinaeleza vitufe vya dashibodi, na kimeandika wazi kwamba ukirudisha kwa mkono gari inahamia yenyewe kwenye kilometa maalumu. Sasa inasoma siku 365. Nimebandika karatasi kwenye kona ya kioo: maili 4,660 kutoka leo, au mwezi wa nne.

Swali dogo la mwisho kwa Spana: oili ya breki nayo inafuata hiyo hiyo?

Spana13_UngaLtd

Hapana, hiyo ni kila miaka miwili hata gari ikilala uani. Kitabu chako kina muhuri wake?

MamaWawili_Moshi

Hakuna. Jumatatu naenda tena Majengo.