Dola 900 kufundishwa kuwinda neno "kwa hiyo": walimu wa maandalizi ya LSAT mnatuumiza

Wakuu, salaam. Wiki nzima najiambia nilinyamazie hili, nimeshindwa.

Mimi mtu wa Tanga, niko Houston mwaka wa sita. Usiku nahudumia wazee, mchana nasoma. Nataka kuingia shule ya sheria, na huku Marekani shule nyingi zinataka alama za LSAT, mtihani wa kuombea nafasi shule ya sheria, alama zile zinazoanzia 120 hadi 180. Nikajiunga na darasa la mtandaoni la maandalizi, wiki 8, dola 900. Hela hiyo ni zamu za usiku, sikuiokota.

Wiki mbili za mwanzo zikaliwa na mafumbo ya kupanga watu kwenye viti. Sehemu hiyo iliondolewa kwenye mtihani Agosti 2024! Nikauliza, nikajibiwa eti inanoa akili. Sasa hivi sehemu zenye alama ni tatu, na mbili kati ya hizo ni za kuchambua hoja. Kila moja dakika 35, maswali kama 25. Swali moja halipati hata dakika moja na nusu. Ukiwa dhaifu kwenye hoja, umekwisha.

Humo ndani kuna maswali yanayokuchagulia kauli moja na kukuuliza inafanya kazi gani ndani ya hoja. Hawataki kujua kama ni kweli au uongo. Wanataka useme imewekwa pale kwa ajili gani: ni hitimisho, ni sababu, ni maoni ya mtu anayepingwa, au ni maelezo ya kufungulia mazungumzo tu. Tulifundishwaje? Mwalimu alitupa karatasi ya maneno. Nawawekea kwa Kiswahili: ukiona "kwa hiyo", "hivyo", "basi", hilo ni hitimisho, ukiona "kwa kuwa" au "maana", hiyo ni sababu. Somo likaishia hapo.

Sasa someni hii, nimeitunga mwenyewe kwa mtindo wao:

"Baadhi ya wakazi wanataka soko lihamishiwe nje ya mji ili msongamano wa magari upungue. Mpango huo hautasaidia. Wanunuzi wengi wa soko hili huja kwa miguu kutoka mitaa ya jirani, kwa hiyo soko likihama watalazimika kupanda magari kulifuata."

Kauli kwamba wanunuzi watalazimika kupanda magari inafanya kazi gani? Mwenye karatasi ya mwalimu anaona "kwa hiyo", anaona iko mwishoni, anabofya "hitimisho kuu". Amekosa! Anachotaka msemaji tukikubali ni kwamba mpango hautasaidia, na sentensi hiyo haina neno lolote la kuashiria. Kauli ya magari ni hitimisho la kati: inabebwa na ile ya watu kuja kwa miguu, nayo inabeba hitimisho kuu. Ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya wakazi kutaka soko lihame ni maoni yanayopingwa, haibebi chochote.

Kujua hivyo hakuhitaji karatasi. Shika kauli mbili, weka "kwa sababu" katikati. "Mpango hautasaidia kwa sababu wanunuzi watalazimika kupanda magari." Inaingia akilini. Igeuze: "Wanunuzi watalazimika kupanda magari kwa sababu mpango hautasaidia." Haiingii. Basi umeshajua nani kambeba nani. Hili nimelipata mwenyewe saa nane usiku kazini, wazee wamelala, baada ya kukosa maswali matano kati ya sita ya aina hii. Mwalimu hakulitaja hata siku moja.

Na nyumbani ndivyo tunavyobishana siku zote. Mzee anaanza na "hapa hakujengwi", kisha ndiyo anamwaga sababu zake. Hitimisho linatangulia. Hakuna mtoto barazani anayengoja "kwa hiyo" ndipo aelewe mzee anataka nini. Uwezo tulikuwa nao, karatasi ile ikatuvuruga.

Nilimwandikia mwalimu nikamwonyesha swali la namna hiyo. Akajibu kwa mstari mmoja: hayo ni maswali ya pekee, yaruke. Niyaruke vipi wakati nililipa nifundishwe hayo hayo? Kabla ya darasa jaribio langu lilikuwa 151. Baada ya wiki 8, 150.

Nimedai hela yangu, wanasema nimeshahudhuria zaidi ya robo ya vipindi kwa hiyo sina haki. Vipindi vyenyewe ni pamoja na vile vya mafumbo yaliyofutwa!

Kama kuna mdau aliyewahi kurudishiwa hela na darasa la aina hii baada ya kuhudhuria, naomba aniambie aliandika nini kwenye barua yake. Na kama kuna aliyefanya LSAT karibuni na yuko tayari kukaa nami kwa simu Jumapili tuchambue hoja, aje PM. Mtihani wangu ni Novemba.