Mjadala: Prodyuza wa albamu ya kwanza ya Velvet Underground ni Warhol au Tom Wilson?

Mleta mada
Wakuu, kuna jambo linanikera kila nikiishika santuri ya The Velvet Underground & Nico, albamu ya kwanza ya bendi hiyo ya roki ya New York, iliyotoka Machi 1967. Mbele kuna ndizi na jina la Andy Warhol. La bendi halipo. Kwenye orodha ya waliohusika, prodyuza naye ni Warhol, mchoraji na mtengeneza filamu. Tom Wilson, aliyekuwa ameshasimamia "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan mwaka 1965, na aliyeipokea bendi hii kwenye lebo ya Verve baada ya lebo ya Columbia kuikataa, katajwa kama prodyuza wa wimbo mmoja tu, "Sunday Morning", na msimamizi wa uhariri na uchanganyaji wa sauti. Mimi nasema prodyuza ni Wilson. Warhol alikuwa mfadhili mwenye jina kubwa. Nipingeni.

Kanda Mbili
Nakupinga mchana kweupe. Hii ni bendi yenye vaiola ya John Cale inayokwaruza sauti ileile bila kupumzika, mpiga ngoma Maureen Tucker anayepiga amesimama, na mashairi ya dawa za kulevya yasiyomung'unya maneno. Mwaka 1966 nani angewaacha hivyo hivyo? Lou Reed mwenyewe, mwimbaji na mtunzi wao, alieleza baadaye kwamba Warhol alikuwa mwavuli: mashambulizi yalimwangukia yeye, wao wakafanya walichotaka.

Sikiliza "Heroin". Kule mwishoni, vurugu ikiwa imepamba moto, ngoma zinakatika ghafla. Tucker alisimulia kuwa alikuwa hawasikii tena wenzake, akaacha kupiga akitegemea nao watasimama. Hawakusimama, na mkanda huo ndio ulioingia kwenye albamu. Prodyuza wa kawaida angesema "rudieni". Kutogusa ndiyo kazi aliyoifanya Warhol.

Fundi Mitambo
Kanda Mbili, hapo umechemka. Unachanganya studio mbili. Aprili 1966 walirekodi Scepter, New York. Mwezi uliofuata walikuwa TTG, Hollywood, na huko "Heroin", "Venus in Furs" na "I'm Waiting for the Man" zikarekodiwa upya, Wilson akiwepo. "Heroin" unayoisifia ni ya Hollywood. Kwa hiyo aliyeziacha ngoma zikatike ni Wilson! Mfano wako umekugeuka.

Na ushahidi upo. Santuri ya majaribio iliyokatwa baada ya siku za Scepter ilinunuliwa mwaka 2002 kwa senti 75 kwenye mitumba ya New York, ikaja kuuzwa mnadani kwa dola 25,200 mwaka 2006. Humo nyimbo hizo tatu zimepigwa tofauti kabisa na tunavyozijua.

Sindano Butu
Mnawagombea wakubwa, waliotoka jasho mmewaruka. Nyimbo 11: saba ni za Scepter, tatu za Hollywood, moja, "Sunday Morning", ya Novemba. Zile saba, aliyetafuta studio na kutoa sehemu ya pesa ni Norman Dolph, mtu wa mauzo wa Columbia, na aliyekaa kwenye mitambo ni John Licata. Dolph alilipwa mchoro wa Warhol. Wilson hakuwepo hata mlangoni. Sasa huyo Wilson wenu amezalisha nini kwenye "Femme Fatale"?

Mleta mada
Sindano Butu umenibana, nakubali. Karibu theluthi mbili za albamu zilishapigwa kabla yake. Lakini turudi "Sunday Morning". Wilson alitaka wimbo wa kupeleka redioni, na alitaka Nico, yule mwimbaji wa kike aliyeshirikishwa, auimbe. Ikafika zamu ya kurekodi, Reed akauimba mwenyewe, Nico akabaki kuitikia nyuma. Selesta ya Cale, kile kinanda chenye mlio wa kengele ndogo, inadondoka kama matone, hakuna kelele. Ukiuweka wimbo huo kando ya "European Son", ule wa kelele unaofunga albamu, utadhani ni bendi mbili. Mmoja una mtu aliyekuwa akifikiria msikilizaji. Huyo kwangu ndiye prodyuza, hata kama redio haikuupokea.

Kanda Mbili
"Heroin" naifuta. Mwavuli siufuti. Kufikiria redio ni kazi ya lebo.

Fundi Mitambo
Haya, basi nikupe moja ya bure. Wazo la studio linalojulikana kuwa la Warhol mwenyewe lilihusu "I'll Be Your Mirror": alitaka santuri itengenezwe na mkwaruzo makusudi, sindano inase, Nico arudie mstari uleule mpaka mtu anyanyuke akaitoe. Halikutekelezwa. Prodyuza gani huyo wazo lake linaachwa nje ya albamu yake mwenyewe?

Kanda Mbili
Mimi hiyo yenye mkwaruzo ningeinunua leo leo.

Sindano Butu
Yangu tayari inanasa hapo, na sikumlipa Warhol kitu.